Sura ya Saba: Leo Mkopo, Kesho Taslimu

Katika duka lililo chini ya nyumba ninayopanga Kisauni, Mombasa, pana kibao cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa wino mwekundu: LEO TASLIMU, KESHO MKOPO. Mwenye duka hukielekezea kidole kila anapoombwa unga wa kukopa, na mwombaji hucheka, maana anajua kesho akirudi atakikuta kibao kile kile na maneno yale yale. Lakini ukikaa pale dakika kumi utaona mkono wa mzee ukizama chini ya kaunta na kuibuka na daftari lenye jalada la bluu. Humo ndimo duka linamoishi: majina, tarehe, sukari nusu kilo, mafuta ya kupikia, na mistari iliyokatwa katikati kuonyesha kwamba deni limekwisha.

Mimi nami naishi kwa daftari. La kwangu liko ndani ya kompyuta, na wadaiwa wangu sijawahi kuwaona. Kampuni iliyoniajiri iko Marekani. Inawakutanisha wagonjwa na madaktari kwa video, kisha inazidai kampuni za bima kwa niaba ya madaktari hao. Cheo changu kwa Kiingereza ni kirefu. Kwa lugha ya vitabu vya uhasibu mimi ni karani wa hesabu za wadaiwa. Mzee wa dukani amekifupisha zaidi. Nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba, kisha huwaambia wateja wake, "Huyu mwanangu anawadai Wamarekani."

Yeye na mimi tunafanya kazi moja, ila kibao chetu kimegeuzwa. Dukani, asiye na pesa hupewa kesho. Penye bima ya afya, mgonjwa hutibiwa leo na pesa huja kesho, kutoka kwa mtu wa tatu ambaye hakuwapo daktari alipokuwa akiuliza maumivu yalianza lini. Huyo wa tatu hajui kilichotokea isipokuwa kwa kile tulichomwandikia. Sura hii inahusu umbali uliopo kati ya leo na kesho hiyo.

Saa zinazohama

Siku yangu ya kazi huanza pale majirani wanapoanza kuteleka chai ya jioni. Saa mbili asubuhi ya New York ni saa kumi alasiri ya Mombasa, lakini hiyo ni wakati wa baridi kwao. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, na kuanzia hapo mimi huanza saa tisa. Jumapili ya kwanza ya Novemba huzirudisha, nami narudi saa kumi. Jua letu halina habari na hayo yote. Linachomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, nasi tunaendelea kuhesabu saa kutokana nalo.

Jambo la kwanza ninalofungua ni orodha ya umri wa madeni. Madeni yote yamepangwa kwa safu: ya siku 0 hadi 30, ya 31 hadi 60, ya 61 hadi 90, ya 91 hadi 120, na yaliyovuka hapo. Deni la safu ya kwanza ni kama mgeni aliyesema yuko njiani. Hakuna haja ya kumpigia simu. La safu ya tatu limekwama mahali. La safu ya mwisho mara nyingi limeshasahauliwa na kila mtu isipokuwa orodha yenyewe.

Wakubwa hupenda namba moja inayojumlisha hayo yote: siku ambazo mauzo hukaa kabla ya kugeuka pesa. Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa tunadai dola 900,000, na kwa wastani tunauza huduma za dola 20,000 kwa siku, basi siku 45 za jasho la madaktari zimelala kwenye daftari. Mishahara haingoji siku hizo 45. Ndiyo maana kampuni yaweza kuwa na faida tele katika vitabu huku ikihangaika kulipa umeme.

Safari ya dola 200

Tuseme mgonjwa amezungumza na daktari kwa video robo saa, na bei yetu ni dola 200. Daktari akimaliza kuandika, maelezo yake hugeuzwa kuwa namba: moja ya ugonjwa, kutoka orodha iitwayo ICD-10 ambayo Marekani iliianza rasmi tarehe 1 Oktoba 2015, moja ya huduma aliyoitoa, moja ya mahali huduma ilipotolewa, na namba ya tarakimu 10 ya daktari mwenyewe. Namba hizo hufungwa pamoja katika faili la kompyuta liitwalo 837. Faili haliendi moja kwa moja kwa kampuni ya bima. Hupita kwanza kwa kampuni ya kati inayokagua madai na kuyagawa, mfano wa stendi ya matatu inayopokea abiria wa kila upande na kuwaelekeza kwenye magari yao.

Jibu hurudi katika faili jingine, 835. Hapo ndipo dola 200 hupasuliwa. Bima inaweza kusema: bei tuliyokubaliana na daktari huyu ni dola 120, kwa hiyo 80 zifuteni, mgonjwa achangie 25, sisi tunalipa 95. Jumla inarudi 200, na kila kipande kimebandikwa herufi mbili na namba. Zile 80 zina CO-45, yaani bei imezidi makubaliano. Zile 25 zina PR-3, yaani mchango wa mgonjwa kwa kila ziara.

Mgeni wa kazi hii hukodolea macho namba. Mkongwe huanza na herufi. CO maana yake ni kwamba mzigo ni wa daktari kwa mujibu wa mkataba wake na bima, na mgonjwa hatakiwi kudaiwa senti. PR maana yake ni kwamba mzigo ni wa mgonjwa. Herufi mbili tu ndizo zinazoamua kama bahasha ya deni itamfikia mtu aliyekuwa mgonjwa wiki tatu zilizopita, au kama itaishia mezani kwetu. Programu nyingi zikiona PR hutuma bahasha zenyewe, bila mtu kuangalia.

Lugha ya kukataa

Bima haisemi "sitaki kulipa." Ina namna zake. CO-16 ni kwamba kuna taarifa imekosekana. Namba 18 ni kwamba dai hili tumeshalipokea. CO-29 ni kwamba mmechelewa, na hili ndilo linaloumiza, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki: Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, hutoa mwaka mmoja tangu siku ya huduma, lakini kampuni binafsi zipo zinazotoa siku 180, na zipo zinazotoa 90 tu. Kwa upande mwingine, Medicare nayo imefungwa na kalenda. Dai safi lililotumwa kwa kompyuta halilipwi kabla ya siku ya 14, na likipita siku 30 bila kulipwa, serikali hudaiwa riba.

Nilipoanza nilidhani kudai ni kubembeleza au kubana. Nilijiandaa kwa sauti. Baada ya miezi michache niligundua kwamba karibu kila deni kuukuu nililolifungua halikuwa na mkaidi ndani yake. Lilikuwa na karatasi iliyokwama: tarehe ya kuzaliwa iliyopinduka siku na mwezi, jina la ndoa kwenye kadi na jina la ujana kwenye faili, barua ya idhini iliyotumwa na kuangukia mashine ya faksi ambayo hakuna anayeitazama. Naam, faksi bado zinafanya kazi katika hospitali za nchi hiyo yenye roketi.

Kosa lililonifunza zaidi halikukataliwa hata kidogo. Katika madai ya matibabu ya video, mahali pa huduma huandikwa 02 au 10. Namba 10, iliyoanza kutumika mwaka 2022, husema mgonjwa alikuwa nyumbani kwake. 02 husema alikuwa kwingine. Kuanzia Januari 2024 Medicare ililipa madai yenye 10 kwa kiwango cha kliniki ya nje ya hospitali, ambacho kwa huduma nyingi ni kikubwa kuliko cha 02. Fomu moja katika mfumo wetu ilikuwa imebaki na 02. Madai yakaenda, pesa zikaja, kila dai likafungwa likiwa limelipwa. Hakuna aliyelalamika. Niliyaona nilipokuwa nikitafuta jambo jingine kabisa, nikashangaa ziara mbili zinazofanana kulipwa tofauti. Ilitubidi kurudi nyuma, kusahihisha na kutuma upya dai moja baada ya jingine. Deni lililokataliwa hupiga kelele mpaka mtu alisikie. Lililopunjwa hulala kimya ndani ya safu ya yaliyolipwa.

Stendi ilipofungwa

Tarehe 21 Februari 2024 wadukuzi waliizima Change Healthcare, mojawapo ya zile kampuni za kati, nayo ni mali ya UnitedHealth Group. Ilikuwa ikipitisha takriban miamala bilioni 15 kwa mwaka. Kundi lililojiita ALPHV au BlackCat lilikuwa limeingia kwa nywila iliyoibwa, kupitia mlango wa mtandao ambao haukuwa na uthibitisho wa pili. Hayo aliyasema mkuu wa UnitedHealth wa wakati huo, Andrew Witty, mbele ya Bunge la Marekani mwezi Mei. Kampuni ililipa kikombozi cha dola milioni 22. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikadiria kwamba taarifa za watu wapatao milioni 190 ziliguswa.

Tazama kilichotokea katika vitabu vya hesabu. Madaktari walikuwa wakitibu kama jana. Bima zilikuwa na fedha kama jana. Hakuna aliyekataa kulipa, na pesa hazikutembea. Chama cha hospitali cha nchi hiyo kiliziuliza hospitali karibu 1,000 mwezi Machi, na asilimia 94 zikasema zimeumia kifedha. Zahanati ndogo ziliishi kwa mikopo na malipo ya awali ambayo baadaye zilitakiwa kuyarudisha. Deni ni ahadi, na ahadi inahitaji barabara ya kupitia.

Sisi huku hatuna haja ya wadukuzi ili kuliona hilo. NHIF, bima ya afya ya taifa ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1966, ilipoipisha SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii, tarehe 1 Oktoba 2024, iliziachia hospitali mabilioni ya shilingi ya madai yasiyolipwa. Wafanyakazi wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mishahara kwa mfuko mpya, huku hospitali zikiulizana nani ni mrithi wa deni la zamani. Mwezi Machi 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba hospitali zinazodai shilingi milioni 10 kwenda chini zitalipwa zote, na zinazodai zaidi madai yao yahakikiwe kwanza. Neno zito katika tangazo hilo ni "yahakikiwe." Hospitali iliyokuwa imeweka fomu, sahihi na tarehe zake sawa ilikuwa na deni. Ambayo haikuweka ilikuwa na kumbukumbu tu ya wagonjwa iliowatibu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wahenga hawakuiondoa hospitali katika msemo huo.

Kudai kutoka chumbani

Watu huniuliza kama kufanya kazi nyumbani si starehe. Chumba changu cha kazi kina mlango unaofungwa kwa ufunguo, nao hufungwa hata nikiwa peke yangu. Mezani hapana kalamu wala karatasi, kwa sababu jina la mgonjwa lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi Kisauni ni siri iliyovuka bahari na kukaa mahali pasipo pake. Sheria ya Marekani ya 1996 iitwayo HIPAA inaitaka kampuni ilinde taarifa hizo popote zilipo, na Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Yako majimbo yasiyoruhusu kabisa taarifa za wagonjwa wa Medicaid, bima ya watu wa kipato kidogo, zifunguliwe nje ya Marekani. Mafaili hayo hushughulikiwa na wenzetu wa kule. Kwangu hayaonekani hata majina.

Sehemu kubwa ya kazi ni kusubiri. Unapiga simu kwa bima, mashine inakuuliza maswali, kisha muziki. Dakika 40 za muziki si jambo la kushangaza. Anapokuja mtu, swali la kwanza huwa si "mtalipa lini?" Swali ni "dai mnaliona? Limekaa hatua gani? Nini kinakosekana?" Na kabla ya kuaga, unaomba namba ya kumbukumbu ya simu hiyo na kuiandika ndani ya faili, maana mwezi ujao atakayepokea ni mwingine na hatajua kwamba mliwahi kuzungumza. Ofisini ungemwambia mwenzako wa meza ya pili yaliyotokea. Nyumbani, kisichoandikwa hakikutokea.

Barabara yetu nayo ni nyembamba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikakokota kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu tarehe ya mwisho ya kutuma dai haiachwi mpaka siku yenyewe.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia siku ya kwanza: anayedai kutoka mbali anafanana sana na tapeli. Simu kutoka kwa mtu asiyejulikana, lafudhi ya kigeni, habari za deni: nani asingekata? Kwa hiyo sijawahi kumwomba mgonjwa namba ya kadi katika simu niliyoipiga mimi. Humtajia kampuni, humwambia aitafute namba yetu kwenye ankara aliyotumiwa, apige mwenyewe. Nasi hujilinda vivyo hivyo. Barua pepe ikija ikisema akaunti ya benki imebadilika, hatuijibu. Tunapiga namba tuliyokuwa nayo tangu zamani. Na ndani ya kampuni, anayeingiza pesa zilizopokelewa si yule anayeruhusiwa kufuta deni. Mzee wa dukani hufanya yote mawili kwa mkono mmoja, lakini duka ni lake. Akijiibia, amehamisha mfuko tu.

Bahasha ambayo haikwenda

Ofisi ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilikadiria kwamba, kufikia Juni 2021, madeni ya matibabu ya dola bilioni 88 yalikuwa yameandikwa katika rekodi za mikopo za wananchi. Anayeandikwa humo hupata tabu kukodi nyumba au kununua gari. Kuanzia Aprili 2023 kampuni kubwa tatu za rekodi hizo ziliacha kuandika madeni ya matibabu yaliyo chini ya dola 500, lakini bahasha zenyewe hazikuacha kutumwa.

Usiku mmoja orodha ilinipa dai lenye PR-27: mgonjwa alitibiwa baada ya bima yake kufikia kikomo. Herufi ni PR, kwa hiyo mfumo ulikuwa umeshaandaa ankara ya kumtumia yeye. Kila kitu kilikuwa halali. Kilichonizuia ni tarehe: bima ilikoma mwisho wa mwezi, ziara ilikuwa siku chache baadaye. Mtu akibadilisha kazi Marekani hubadilisha na bima. Nikasimamisha ankara. Simu ya kwanza ilikuwa ya muziki mtupu. Ya pili, bima ya zamani ikathibitisha tarehe. Ya tatu ilikuwa kwa mgonjwa mwenyewe. Nilimwachia ujumbe apige namba iliyo kwenye tovuti yetu. Alipiga. Alikuwa na bima mpya tangu tarehe mosi ya mwezi ule, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Dai likaenda lilikostahili kabla siku 90 hazijaisha. Hakuna aliyenishukuru, wala hakukuwa na cha kushukuriwa. Alikuwa karibu adaiwe kitu asichodaiwa.

Nilishuka dukani asubuhi yake nikiwa sijalala. Mzee alikuwa amekunja uso. Fundi wa pikipiki wa mtaa wa pili, alisema, anadaiwa shilingi 850 tangu mwezi uliopita, na sasa anapita mbele ya duka akitazama upande wa pili. Nilimwomba anionyeshe jumbe zake za M-Pesa. Tulizipandisha kwa kidole, tarehe kwa tarehe. Zilikuwapo: shilingi 850, siku nne baada ya deni kuandikwa, kutoka kwa jina la mwanamke ambalo mzee hakulijua. Alilisoma mara mbili, kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa akipanga mikate.

"Mke wa fundi anaitwa nani?"

Mjukuu alimtajia.

Mzee hakusema neno. Alilitoa daftari la bluu, akatafuta ukurasa, akaukata ule mstari taratibu kwa rula kama anayepima kitambaa. Nilikuwa bado nakunywa soda yangu fundi alipotokea kwenye kona, macho yakiwa upande wa pili wa barabara. Mzee akatoka nyuma ya kaunta mpaka mlangoni, na yeye, aliye mkubwa kwa miaka 30, akamtangulia kwa salamu.